Paradoksi ya Russell: Tatizo Si Ukanusho

Juni 1902 Bertrand Russell alimwandikia Gottlob Frege barua iliyotikisa kazi ya miaka mingi ya mwanamantiki huyo Mjerumani. Ikiwa kila sharti linaunda seti, yaani mkusanyiko wa vitu vyote vinavyolitimiza, kama Frege alivyochukulia, je, seti ya seti zote zisizojijumuisha, yenyewe inajijumuisha? Jibu lolote kati ya mawili huzaa kinyume chake.

Wanahisabati wengi walizibana seti na kuiacha mantiki ilivyo. Katika aksiomu, yaani kanuni za msingi, alizochapisha mwanahisabati Ernst Zermelo mwaka 1908, sharti haliundi seti peke yake, bali huchambua tu memba wa seti ambayo tayari ipo. Dawa hiyo imefanya kazi, nami siibezi, lakini haielezi kwa nini wazo la awali, lililoonekana wazi kabisa, lilivunjika. Wanaobadili mantiki ndio wanaolikabili swali hilo.

Hata hivyo, si kila badiliko linafika kwenye mzizi. Kuikataa kanuni kwamba kila kauli ni kweli au ukanusho wake ni kweli, kama walivyofanya wafuasi wa mwanahisabati Mholanzi Brouwer, hakusaidii hapa, kwa kuwa mkinzano wa Russell hupatikana bila kanuni hiyo. Mwanafalsafa Graham Priest na wenzake wanaukubali mkinzano kuwa kweli, ila wanauzuia usithibitishe kila kauli, kama unavyofanya katika mantiki ya kawaida. Ni msimamo wa kijasiri, lakini mwaka 1942 mwanamantiki Haskell Curry alichapisha paradoksi isiyohitaji ukanusho hata kidogo.

Tuunde seti C ya vitu vyote vyenye sifa hii: kikijijumuisha, basi 0 ni sawa na 1. Tuchukulie kwamba C inajijumuisha. Basi inatimiza sharti lake, yaani ikiwa inajijumuisha, 0 ni sawa na 1. Na kwa kuwa tumekwisha kuchukulia kwamba inajijumuisha, 0 ni sawa na 1. Kwa hiyo tumethibitisha, bila kuchukulia chochote, kwamba C ikijijumuisha, 0 ni sawa na 1. Hilo ndilo sharti lake hasa. Basi C inajijumuisha, na 0 ni sawa na 1.

Ukiufuatilia uthibitisho huo polepole utaona kwamba dhana moja, kwamba C inajijumuisha, ilitumika mara mbili, kwanza kulipata sharti na kisha kulitekeleza, lakini ikahesabiwa mara moja. Hoja ya Russell nayo hufanya vivyo hivyo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ugonjwa ulipo, na ushahidi wenye nguvu ni wa mwanamantiki Grishin, aliyethibitisha kwamba mantiki isiyoruhusu kuhesabu hivyo huruhusu kila sharti liunde seti bila mkinzano kutokea.

Bei yake ni kubwa. Ukiongeza aksiomu kwamba seti zenye memba wale wale ni seti moja, kanuni iliyofukuzwa, ya kuitumia dhana mara mbili na kuihesabu mara moja, huingia tena kwa mlango wa nyuma, na mkinzano pamoja nayo. Kwa hiyo anayetaka kulirejesha wazo la Frege kwa njia hii atalazimika kueleza upya maana ya seti mbili kuwa moja, na juhudi za mantiki mbadala zingeelekezwa huko kuliko kwenye mjadala usiokwisha kuhusu mikinzano iliyo kweli.