Moshi unaenda, moshi unarudi, mimi nimesimama tu

Hebu niambieni jamani, kuna ubaya gani moshi ukitoka kwenye moto ukapita kwenye nyama ukaenda zake? Eti hapana, wajuzi wanasema hilo ni jiko la wavivu. Jiko la maana la kubanikia kwa moshi ni lile ambalo moshi unatoka kwenye kisanduku cha moto upande mmoja, unapita chini ya bamba la chuma mpaka mwisho wa pipa, unageuka, unarudi juu ya bamba ukiipitia nyama, halafu unatokea kwenye dohani iliyo upande uleule ulioko moto. Yaani umekwenda mpaka mwisho kisha umerudi palepale ulipoanzia. Binadamu akifanya hivyo barabarani tunasema kapotea, moshi ukifanya tunauita ufundi.

Na sibishi, ufundi upo. Jiko la kawaida la moto pembeni, nyama iliyo karibu na moto inakauka wakati ile ya mwisho ndo kwanza inaanza kuamka, sasa bamba lile linapokea ule ukali wote na kuusambaza, joto linakaribiana pipa zima. Mafuta nayo yanadondokea kwenye bamba badala ya kudondokea motoni. Yote hayo nayakubali. Ninachogombana nacho mimi ni kazi, kwa sababu kila faida ya huo moshi inalipwa na mgongo wangu.

Tuanze na hesabu maana hapo ndo raha ya kula inapofia. Kanuni ya wajenzi wa haya majiko ni kwamba kisanduku cha moto kiwe kama theluthi ya ujazo wa chumba cha nyama. Haya, pipa la kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa 120, nusu kipenyo 25, zidisha kwa yenyewe, zidisha kwa pai, zidisha kwa urefu, unapata lita 235 na ushee, theluthi yake ni 78, kwa hiyo kisanduku cha sentimita 43 hivi kila upande kwa ndani, na bado hujamaliza, maana tundu la kuingizia moto, nafasi ya chini ya bamba na lile pengo la mwisho ambako moshi unageukia lazima vilingane eneo au viongezeke, pakibana popote moto unakosa pumzi na moshi unatokea kwenye mlango wa kuni kukufuata machoni. Mtu nina njaa, nimekaa natafuta eneo la nusu duara.

Halafu unene wa chuma. Ukiuliza wanaojua wanakwambia milimita 6, chembamba kinapoteza joto kila upepo ukipita. Sawa, milimita 6 ni kama kilo 47 kwa kila mita moja ya mraba, pipa lile na vifuniko vyake viwili tayari limepita kilo 100 kabla hujagusa kisanduku wala miguu. Na wale waliokwambia "weka kizito bwana" siku ya kulihamisha wote wana dharura.

Shemeji yangu yeye kila jambo ana njia ya mkato. "Si uchukue mtungi mkubwa wa gesi uliotupwa, mbona umeshaviringwa tayari?" Kweli umeviringwa, na wapo wengi wanaotumia, ila mtungi unaosemekana mtupu bado una gesi, na gesi haihitaji ujazo wa maana, inahitaji cheche moja tu ya grainda. Ndo maana wanaojielewa wanatoa valvu, wanauosha, wanaujaza maji mpaka juu kabisa ndo wanaanza kukata. Nikamweleza hayo akasema naogopa. Ndiyo, naogopa, na nataka kuendelea kuogopa nikiwa na nyusi zangu. Baada ya hapo akaja na wazo la wavu wa chuma kilichopakwa zinki, ile ya kung'aa, hiyo nayo ukiichomelea mvuke wake unakupa homa ya kutetemeka, na juu ya moto wa kupikia chakula haina kazi kabisa. Shemeji ana vipaji vingi lakini naona vyote vinaelekea hospitali.

Mlango sasa. Chuma kilichoviringwa kimekunjwa kwa nguvu na hakijasahau, siku ukikikata kinajifungua, mlango unakuwa mpana kuliko tundu lake. Kwa hiyo unachomelea bawaba kwanza mlango ukiwa bado sehemu ya pipa, ndo unamalizia kukata. Bamba nalo ukilichomelea moja kwa moja kwa haraka linajikunja, inabidi uchomelee kipande hapa kipande kule, unasubiri kipoe, na liwe limelala kidogo kuelekea upande mmoja ili mafuta yakimbilie kwenye koki ya kutolea, usipoweka hiyo koki umejenga kikaangio kirefu kilichofungiwa ndani ya pipa. Watu wanapita wanaona umesimama na mashine ya weldi mkononi huchomelei, wanadhani umeme umekatika.

Haya, limesimama, umelipaka mafuta ya kula ndani ukalikausha kwa moto lisipate kutu. Hapo ndo unaambiwa ule moshi mweupe mzito unaopendeza kwenye picha haufai, ni kuni zisizoungua vizuri, nyama inakuwa chungu kama dawa. Moshi mzuri ni mwembamba wa bluu, karibu hauonekani. Nimejenga mtambo mzima wa moshi na moshi wenyewe mzuri ni ule usiouona! Majirani wakichungulia wanauliza utawasha lini.

Joto unalishikilia kati ya nyuzi 107 na 135 za Selsiasi, na bamba lile zito halina haraka, linachelewa kupata moto na likishapata linachelewa kupoa, ukizidisha kuni utajua baadaye sana. Kile kipimajoto cha mlangoni nacho kinakusomea joto la juu darini wakati nyama iko chini kwenye wavu, kwa hiyo unanunua kingine.

Na kama hiyo haitoshi, pande kubwa la nyama likifika kwenye nyuzi 65 au 70 hivi ndani linagoma. Linatoa maji kwa juu, maji yanakauka, yanalipoza, joto lililoingia linatoka hivyohivyo, namba haisogei masaa na masaa. Huna la kufanya zaidi ya kulifunga kwenye karatasi au kuvumilia, ila kufungua mlango hapana, ukifungua joto lote linaondoka na kusubiri kunaanza upya. Nimewaambia watu wote, nimeandika kwa chaki juu ya mlango wenyewe, USIFUNGUE, herufi kubwa.

Nimeingia ndani kunywa maji tu, nasikia bawaba zinalia.

"Shemeji, mbona huku ndani hakuna moshi?"