Gari Juu Kama Twiga, Magoti Yanalia

Mtu wa Goma akishapata Land Cruiser ya mwaka 1992, kitu cha kwanza anachotaka si breki. Wala si mafuta mapya ya moteri. Anataka gari lipande juu. Moshi unatoka kama jiko la makala lililomwagiwa maji, usukani unacheza kama mkia wa mbuzi, lakini mwenyewe amesimama mbele ya garaji, mikono kiunoni, anaagiza: "Fundi, niinulie sentimeta kumi." Kumi! Unaenda wapi, Muzee? Kuchuma maparachichi?

Sawa, barabara zetu tunazijua. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Yale ya tarehe 17 Januari 2002 yalipita katikati ya mji mpaka ziwani, na sisi tukarudi tukajenga juu yake, tukaliita jiwe hilo kiwanja, tena kwa bei. Ukitoka Sake ukapanda kuelekea Masisi mvua ikiwa imenyesha, tope linakamata gari kama mkwe anayedai mahari. Hakuna anayekataa gari refu. Mimi ninachokataa ni gari refu lenye magoti yanayolia.

Magoti gani? Inama, patro, usiogope suruali. Chungulia nyuma ya gurudumu la mbele. Kwenye hizi za ekseli nzima ya mbele, yaani zile za mfululizo wa 60, wa 70 na ile ya 80, utaona tufe la chuma, limekaa ndani ya bakuli lake: hilo ndilo goti. Humo ndani ndimo kilipo kiungo kinachozungusha gurudumu huku gurudumu lenyewe linakata kona. Tufe likiwa zima, lina utando mwembamba wa grisi, kama mtoto aliyepakwa mafuta ya kwenda kanisani. Likiwa gonjwa, linamwaga uji mweusi mpaka ndani ya rimu. Uji huo unaeleza habari yote: sili ya ndani ya ekseli imekufa, mafuta ya difu, zile gia za katikati ya ekseli, yameingia kwenye goti, yamekutana na grisi, wameoana, na mtoto aliyezaliwa ni supu. Na supu hailainishi kitu. Grisi nzito inang'ang'ania chuma, supu inateleza na kwenda zake. Halafu ongeza vumbi letu la volkano, ambalo ukilisugua kati ya vidole unahisi kabisa ni chupa iliyosagwa. Hapo supu imekuwa msasa.

Dawa yake inajulikana, na ndiyo sababu hakuna anayeitaka: haionekani. Unafungua pande zote mbili. Unabadilisha sili ya ndani ya ekseli, sili kubwa inayofuta tufe, gasketi zake, na zile rulema (beringi) mbili za kila upande, ya juu na ya chini, ambazo goti linageukia. Unaosha kila kitu kwa mazutu, yaani dizeli, mpaka chuma kinakuonyesha uso wako. Vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi unaviweka kila kimoja mahali pake, cha juu juu, cha chini chini, maana ndivyo vinavyoweka goti katikati na kuzipa rulema mkazo wake. Halafu grisi ya molibdeni, bakuli lijae kama robo tatu. Fundi mmoja anaweka kijiko kimoja kama anapaka mkate. Mwingine anajaza mpaka inatokea puani. Wote wawili wanasema "ni vile vile". Si vile vile! Ya kijiko inaunguza kiungo, ya kujaza inatafuta njia ya kutoka, na njia iliyo karibu ni ile sili uliyoinunua jana.

Ni kazi ya siku mbili kwa fundi mwenye subira. Ukimaliza, gari linaonekana vile vile lilivyokuwa. Jirani hatakuja kutazama. Sasa nani alipe pesa kwa kitu ambacho jirani haoni?

Tena kuna suala la soketi namba 54. Ukitaka kufika kwenye goti, lazima utoe habu, kile kitovu cha gurudumu, na habu imefungwa na nati mbili nyembamba za milimeta 54, katikati yao kuna washa yenye masikio ya kukunja. Soketi hiyo ipo. Kila garaji inayo. Ila leo haipo. Ukiuliza iko wapi: "Iko Ndosho." Ukienda Ndosho: "Wameibeba Majengo." Soketi hiyo imetembea mji huu kuliko mtu wa chukudu, lile baiskeli letu la mbao la kubebea mizigo. Basi fundi anafanya nini? Kifungu cha 15, ile sheria yetu ya utani: jisaidie. Anachukua tindo na nyundo. Ko, ko, ko! Nati inazunguka, kweli, lakini kila pigo linamega chuma kidogo, na vipande vile vinaanguka ndani ya grisi mpya, pembeni ya rulema mpya. Halafu kwa tindo huwezi kuhisi mkazo. Nati ya ndani inatakiwa ikazwe mpaka karibu nyutoni-mita 60 huku habu inazungushwa, ilegezwe, halafu ikazwe tena polepole sana, kidogo tu, ndipo washa ikunjwe na nati ya nje ije kuifunga. Hilo unalipimaje kwa tindo? Kwa sikio?

Ukitaka kujua kama umefanyiwa kwa sikio, tembea kilomita kumi, simama, weka kiganja kwenye habu. Ya moto mpaka unatoa mkono: imekazwa mno. Baridi? Usifurahi bado. Weka kriki, nyanyua gurudumu, lishike juu na chini, vuta huku unasukuma. Likipiga "tak tak", imelegea. Mwenzako akikanyaga breki na "tak tak" ikabaki, basi si nati, ni zile rulema za goti. Hizo ndizo zinazofanya usukani ukutetemeshe meno ukifika kilomita 60 kwa saa na gurudumu moja likakanyaga shimo. Watu wanadhani ni pepo. Wengine wananunua amotisa (shokabsoba) mpya ya usukani, wanaifunga, mtetemo unapungua mwezi mmoja, unarudi na hasira. Amotisa ile ni kama kumfunga mtu mdomo ili asikohoe.

Haya, umekataa magoti, umetaka urefu. Tuinue. Sentimeta tano zinatosha kwa barabara zetu, na hata hizo tano zina madeni. Ile ya 80 ya springi za mviringo ukiinyanyua, po ya mbele, yaani ekseli nzima, inajipindua kidogo na usukani unapoteza hamu ya kurudi wenyewe katikati. Unatakiwa uweke bushi maalumu zilizotobolewa upande, zirudishe pembe. Ile fimbo ndefu inayoshikilia po isitoke kando, nayo inavuta po yote upande mmoja, ndiyo maana unaona magari yanatembea kimshazari kama mbwa. Mipira ya breki inakuwa mifupi: siku gurudumu moja litakaponing'inia kwenye mtaro, mpira utanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Amotisa za zamani zinafika mwisho na kupiga kichwa. Yote hayo yanauzwa, yanafungwa, yanajulikana. Lakini mwenye gari amelipa springi tu. "Hizo nyingine tutaona mbele." Mbele ndiko zinakoonekana, kweli, kwenye ukuta.

Kuna jambo moja linalonikera kupita yote. Nyuma, juu ya po, kuna kimkono chembamba cha chuma kinachopanda kwenda kwenye vali ya breki. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likikaa chini kwa uzito, kimkono kinasogea na breki za nyuma zinapewa nguvu. Gari likiwa tupu na limenyanyuka, zinanyimwa, zisije zikajifunga zikateleza. Sasa wewe umeinua gari sentimeta tano. Kimkono hakijui habari za urembo. Kinaona gari limenyanyuka, kinatoa taarifa: tupu! Umepakia magunia ya makala mpaka paa, juu yake mbuzi wawili na mama mwenye ndizi, unateremka mlima kuja Sake, na vali inaamini umebeba hewa. Breki za mbele zinafanya kazi peke yake mpaka zinanuka. Kumbe tiba ni kusogeza kitako cha kile kimkono kwa kiasi kile kile ulichoinua gari. Kipande cha bati nene, bolti mbili, nusu saa. Nusu saa! Lakini fundi amekwisha kula pesa ya springi, yuko kwenye gari la mwingine, analiinua.

Zile za springi za lame, vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ndizo zina vituko zaidi. Hapo fundi anaongeza lame moja ya lori. Nene, ngumu, imetoka kwenye gari lililobeba saruji miaka ishirini. Anaifunga katikati ya lame nyembamba na kusema "sasa ni shupavu." Ni shupavu kweli: lame ya lori haikunji, wenzake wanabaki watazamaji, na ukipita kwenye mawe unaruka mpaka kofia inapiga paa. Halafu zile bolti za U zinazobana lame kwenye po anazirudisha zile zile zilizovutika. Bolti za U zikishavutika zimemaliza kazi, weka mpya, na baada ya kilomita kama 500 zikazwe tena. Nani anarudi baada ya kilomita 500? Anarudi baada ya bolti ya katikati kukatika na po kusogea nyuma.

Na snokeli! Mungu wangu. Bomba limepanda ubavuni mpaka juu ya paa, limepakwa rangi nyeusi, picha imekwenda WhatsApp. Fungua boneti: kifuniko cha boksi la filta kimefungwa kwa waya, mpira wa kwenda kwenye moteri una ufa. Moteri inavuta hewa kwenye ufa, snokeli imekaa pale kama tai kwenye shingo ya mtu asiye na shati. Jaribio lake ni bure: toa mpira ulio baada ya filta, ingiza kidole, futa ndani. Kidole kikitoka na vumbi, sahau picha, nunua mpira.

Tena snokeli haijawahi kuzuia maji kuingia kwenye difu. Difu inapumua kwa kitundu chenye kifuniko kidogo juu ya po, na kifuniko kile kikiganda kwa tope, po ya moto ikizama kwenye mto wa baridi, hewa ya ndani inanywea na difu inavuta maji kupitia sili. Kesho yake fungua bolti ya chini: chai ya maziwa. Mpira mwembamba wa mazutu, klipu mbili, pandisha pumzi ile mpaka kwenye chumba cha moteri, basi. Bei yake ni chini ya soda za mafundi. Mafuta ya difu ni 80W-90 ya GL-5, ila usiyamwage hayo hayo kwenye giaboksi inayotaka GL-4, maana yanaweza kula zile pete za shaba ya njano zinazosaidia gia kuingia. Fundi atakwambia mafuta ni mafuta. Mwulize kama mke wake anakaanga samaki wa sambaza kwa mafuta ya difu.

Moshi mweusi wa 1HZ, ile moteri ya dizeli ya Land Cruiser, ni kesi nyingine. Moteri haina tabo ya kuisukumia hewa, sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo nguvu inapungua kidogo. Badala ya kusafisha filta na kupeleka nozeli kupimwa, mtu anamwambia fundi "fungua pampu." Anaongezewa mazutu, hewa ni ile ile. Gari halipandi mlima zaidi, linachora tu mlima kwa masizi. Na mkanda wa taimingi, ambao busara yake ni kilomita 100,000, mita imesimama kwenye 187,412 tangu gari liko mnadani Japani. Ukikatika, vali zinapiga pistoni. Hapo ndipo mwenyewe anakumbuka kuuliza.

Lakini tumwonee huruma shofere pia. Amefika kwenye tope, amevuta gia ndogo kwa mbwembwe, abiria wamenyamaza, anakanyaga. Gurudumu za nyuma zinachimba, za mbele zimetulia kama wageni wa heshima. Amesahau kufunga zile habu za mkono zinazounganisha gurudumu za mbele na ekseli yake. Sasa avue viatu, akunje suruali, aingie kwenye tope mpaka magotini, apapase habu aizungushe kwenye LOCK, avuke kwa mbele ya gari, aipapase na ya pili. Haizunguki. Imeganda, kwa sababu haijaguswa tangu mwaka juzi. Zungusheni habu zenu kila mwezi, jamani, mtembee hata kilomita kadhaa zikiwa zimefungwa, mafuta yapande.

Basi abiria wanashuka, wanasukuma, gari linatoka, linarudi mjini. Mwenyewe ana hasira, leo anataka magoti yafunguliwe yote mawili, na noti ya dola mia ameileta, ila ina kaufa kadogo pembeni, mwenye duka la vipuri ameikataa. Wameibadilisha kwa hasara. Sili zimepatikana, rulema zimepatikana, kartoni ina maandishi makubwa ya Kijapani, rulema yenyewe haina hata herufi moja. Fundi ameweka kriki, ametoa gurudumu, amefuta habu kwa kitambaa, amekaa chini kwenye kidumu cha njano.

"Patro, kila kitu kiko tayari. Ni soketi tu."

Iko Ndosho.

Ko, ko, ko.