Wiki saba, nyangumi wawili

Mapema mwaka 2013 watafiti 18 walipanda meli ya uvuvi iliyokodiwa, Amaltal Explorer, bandarini Nelson, New Zealand, wakashuka kusini hadi penye barafu. Walikaa baharini wiki saba. Katika wiki hizo zote walifanikiwa kuwapachika vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti nyangumi buluu wawili. Wawili tu.

Rafiki yangu mmoja ni mhasibu. Nilipomtajia hesabu hiyo aliuliza swali la kihasibu: dizeli lita ngapi kwa kila nyangumi? Nilicheka, lakini swali halikunitoka. Nadhani wengi wanalo hata wasipolitamka. Wapo wanaouliza kwa nini watu wapelekwe kwenye baridi, ukungu na mawimbi ilhali setilaiti ziko angani zinapiga picha. Na wapo waliosema, kwa miaka mingi na kwa sauti kubwa, kwamba mtu akitaka kumjua nyangumi sawasawa, na amlete sitahani akiwa amekufa.

Nianze na hawa wa pili, kwa sababu hoja yao ina mizizi mirefu kuliko tunavyopenda kukiri. Sayansi ya nyangumi wa bahari ya kusini ilizaliwa machinjoni. Waingereza walipoanzisha utafiti wao ulioitwa Discovery Investigations mwaka 1925, fedha zilitoka kwenye ushuru wa mafuta ya nyangumi, na kituo kilijengwa Grytviken, kisiwani South Georgia, mahali ambapo mizoga ilikuwa ikivutwa nchi kavu kila siku. Wataalamu walipima, wakapasua matumbo, wakahesabu vijusi. Walipotaka kujua nyangumi husafiri kutoka wapi kwenda wapi, walitengeneza mirija midogo ya chuma yenye namba na kuifyatua mwilini mwa nyangumi akiwa hai. Kisha wakasubiri auawe. Mrija ulionekana nyama ikikatwa, au mafuta yakishachemshwa, ukabaki chini ya pipa. Aliyeuokota aliurudisha akapewa zawadi. Alama ile ilikuwa na habari mbili tu: mahali nyangumi alipopigwa alama na mahali alipofia.

Miaka ya 1950 ukaja ugunduzi mwingine wa machinjoni: ndani ya sikio la nyangumi kuna kizibo cha nta chenye matabaka, na matabaka hayo yakihesabiwa yanaonyesha umri. Kwa hiyo Wajapani walipoanza mpango wao wa utafiti Antaktika mwaka 1987, na ule wa pili, JARPA II, mwaka 2005, hawakuzua hoja hewani. Umri utaupata wapi kama si sikioni? Alichokula utakijuaje usipofungua tumbo? Ni maswali halali ya kibiolojia. Na kuna jambo ambalo wapinzani wa Japani hulipita haraka: kwa takriban miongo mitatu kuanzia 1978, safari za kimataifa za kuhesabu nyangumi kuzunguka Antaktika, zile za kutazama na kuandika bila kuua, zilifanyika zaidi kwa meli na mabaharia waliotolewa na Japani. Takwimu nyingi tunazozitegemea leo kuwatetea nyangumi zilikusanywa na watu waliosimama kwenye milingoti ya meli hizo.

Kesi ikafika The Hague. Tarehe 31 Machi 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika shauri la Australia dhidi ya Japani, iliamua kwa kura 12 dhidi ya 4 kwamba vibali vya JARPA II havikuwa kwa ajili ya utafiti wa kisayansi kama mkataba wa 1946 wa kudhibiti uvuaji wa nyangumi unavyotaka. Majaji wawili wa upande wetu wa dunia walitengana: Julia Sebutinde wa Uganda alikuwa na walio wengi, Abdulqawi Ahmed Yusuf wa Somalia alikuwa miongoni mwa wanne, akikikataa kipimo ambacho wenzake walikitumia kuupima mpango ule. Hukumu yenyewe haikusema yale ambayo watu wengi hudhani ilisema. Mahakama haikutamka kwamba kuua kwa ajili ya sayansi ni haramu. Ilikubali kwamba kutumia njia ya kuua, kwa yenyewe, hakukuwa jambo lisilo na mantiki kwa malengo yaliyotajwa. Kilichouangusha mpango ni hesabu. Lengo lilikuwa kuua minki, aina ya nyangumi wadogo, 850 kwa mwaka, likaendelea kubaki 850 hata meli ziliporudi na chini ya robo yake, na hakuna aliyeonekana kujiuliza kama sayansi ileile ingewezekana kwa 100, au bila hata mmoja. Minki 3,600 hivi walikwisha kuuawa, na matunda ya kisayansi, kwa maneno ya mahakama yenyewe, yalionekana kuwa haba.

Sasa rudi kwenye ile meli ya Nelson. Yule mhasibu anahesabu nyangumi wawili kwa wiki saba. Mimi naomba kwanza tuhesabu walikuwepo wangapi wa kutafutwa.

Kabla ya meli za mvuke na chusa za baruti, nyangumi buluu wa Antaktika wanakadiriwa walikuwa 239,000. Kufikia mwaka 1973 makadirio ni 360. Nimeirudia namba hii mara nyingi na bado sijaizoea. Wangekuwa watu, boti moja ya abiria ya kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja ingewabeba wote, na nafasi ikabaki. Hao walitawanyika katika bahari inayolizunguka bara zima, kila mmoja akijitokeza juu kuvuta pumzi kidogo na kuzama tena. Safari zile za kuhesabu zilipata makadirio ya 453, halafu 559, halafu 2,280 katika mzunguko wa tatu uliokwisha 2004. Idadi inapanda, jambo la kushukuru, lakini hata hiyo ya mwisho haifiki mmoja kati ya mia wa waliokuwepo. Ndiyo maana safari za zamani zilipita misimu mizima na kuonja bahati ya nyangumi buluu wachache tu. Uhaba huo haukusababishwa na watafiti. Waliukuta pale, umeachwa na waliotangulia.

Watu wa 2013 walibadili mbinu: badala ya kutafuta kwa macho, walitafuta kwa masikio. Nyangumi buluu wa Antaktika hulia kwa sauti nzito ya karibu hezi 26, pale pembezoni kabisa mwa uwezo wa sikio la binadamu, na sauti hiyo husafiri majini mamia ya kilomita. Unatupa boya la kusikiliza, linakwambia sauti inatoka upande gani. Unatupa la pili mbali kidogo, mistari miwili inakatana, unageuza omo kuelekea pale. Walirekodi saa 626 za sauti na kupambanua milio 26,545. Ina maana usiku na mchana kuna mtu ameketi mbele ya kioo, amevaa visikilizio, anaangalia michirizi inayopanda na kushuka, akiandika. Mwenzake analala kitanda cha juu huku meli ikilala ubavu huu na kuamkia ule.

Hayo ndiyo maisha yenyewe, na sidhani picha za kwenye makala za televisheni zinayatendea haki. Zinaonyesha mkia ukipanda dhidi ya jua la saa nne usiku. Hazionyeshi siku ya tano ya ukungu. Bahari ikichafuka boti ndogo haishuki, na bahari ile huchafuka mara nyingi kuliko kutulia. Watu wanapika, wanaosha vyombo, wanarekebisha mashine, wanasubiri. Wavuvi wetu wa pwani wanaijua hali hiyo vizuri kuliko msomaji wa ofisini: kusi likivuma unashona nyavu, na hakuna anayekuita mvivu. Halafu upepo unaanguka kwa saa tatu. Boti inashushwa, mtu mmoja anasimama mbele akijishikiza, nahodha wa boti anapiga hesabu mnyama atazuka wapi, na kiumbe kirefu kuliko mabasi mawili kinapanda ubavuni kikitoa pumzi inayoruka mita tisa na kunuka samaki waliooza. Una sekunde chache za kupiga picha, kufyatua mshale wa kuchukua sampuli, au kukosa. Mara nyingi ni kukosa.

Katika wiki zile saba walipata picha za kuwatambua nyangumi buluu 57, kila mmoja kwa madoadoa ya ngozi yake, na vipande 23 vya ngozi. Kwa mnyama ambaye babu zake walibaki wa kujaza boti moja, hiyo ni hazina. Lakini haisomeki kama hazina ukiiweka karibu na wale minki 3,600. Inaonekana ndogo, na nadhani hapo ndipo udanganyifu wa macho ulipo: tumezoea kudhani sampuli kubwa ni sayansi kubwa.

Mshale huo unarudi na kipande cha ngozi na shahamu kisichozidi kifutio cha penseli. Zamani kilikupa jinsia ya mnyama na ukoo wake, basi. Siku hizi kinakupa mengi. Mwaka 2014, mwaka uleule wa hukumu, watafiti wa Australia walichapisha njia ya kukadiria umri wa nyangumi wa nundu kwa kusoma alama za kikemikali kwenye vinasaba vya ngozi, kwa makosa ya kama miaka mitatu kwa wastani. Kizibo cha nta kikapata mshindani asiyehitaji kisu. Homoni iliyomo kwenye shahamu inaonyesha kama jike ana mimba: rasi ya Antaktika ya magharibi, sampuli za ngozi zilizokusanywa kati ya 2010 na 2016 zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya majike wa nundu walikuwa na mimba, na wengine wao bado wananyonyesha. Jambo hilo lilikuwa likijulikana kwa kufungua tumbo la uzazi. Ukimfungua, umejua kwamba mtoto angezaliwa, naye hazaliwi.

Tumbo la chakula, nakubali, bado lina siri. Kinyesi kinachoelea, chekundu kwa uduvi wa baridi wanaoitwa krili, huchotwa kwa wavu na kusema mengi, ila hakikwambii mnyama alimeza kilo ngapi asubuhi hiyo. Hapo wenye chusa wana pointi. Kama pointi hiyo inatosha kugharimu minki mia kadhaa kila mwaka ni jambo jingine, na Japani yenyewe, ilipojitoa kwenye Tume ya Kimataifa ya Nyangumi mwaka 2019, iliacha kuvua Antaktika na kwenda kuvua kibiashara katika maji yake, bila tena kuhitaji neno utafiti. Wasomaji watalipima wenyewe tukio hilo.

Wanaosema setilaiti inatosha nina la kuwajibu, fupi. Mwaka 2014 Waingereza walionyesha kwamba nyangumi wanaweza kuhesabiwa kutoka angani, kwenye ghuba tulivu ya Península Valdés, Argentina. Bahari ya kusini si ghuba tulivu. Mawingu yanaifunika siku nyingi, mnyama yuko chini ya maji muda mwingi, na picha haina ngozi ya kupima. Droni nazo zinarushwa kutoka kwenye meli, na mtu lazima awe ndani ya meli hiyo.

Lawama ninayoona nzito zaidi inahusu vile vifaa viwili vyenyewe. Kifaa cha setilaiti hakibandikwi kama stempu. Kinachomekwa mwilini, kikae wiki au miezi, kisha kianguke. Kwa kawaida kidonda kinapona. Lakini mwaka 2016 nyangumi muuaji aliyejulikana kama L95, wa kundi dogo la pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, alikutwa amekufa wiki chache baada ya kupachikwa kifaa. Vipande vya chuma vilibaki mwilini, na maambukizi ya kuvu yalihusishwa na jeraha. Upachikaji kwa kundi lile ulisimamishwa. Kundi lenye wanyama themanini na ushee likipoteza dume kijana, hakuna jarida litakalofidia. Kwa hiyo anayesema kifaa kitumike pale tu ambapo ngozi, picha na sauti haziwezi kujibu, na kila kidonda kipigwe picha mwaka unaofuata, mimi niko naye. Kwa mizani hiyo, wawili kwa wiki saba ni idadi ninayoweza kuitetea kuliko ishirini.

Na sisi wa huku tuna dau letu ndani ya jambo hili. Nundu wanaopita Watamu, Kizimkazi na Mtwara kuanzia Julai hadi Oktoba, wakija kuzaa kwenye maji ya vuguvugu, wanakula katika bahari ileile ya barafu. Huku hawali karibu chochote. Ushelisheli ndiyo iliyopendekeza Bahari ya Hindi iwe hifadhi ya nyangumi, mwaka 1979, kwa hiyo si kweli kwamba tumekuwa watazamaji tu. Mkia wa nundu una alama zisizofanana na za mwingine. Nahodha wa boti ya watalii Watamu anayeupiga picha kwa simu Agosti anafanya nusu ya kazi ambayo mtu aliyejifunga kamba kwenye omo, digrii 65 kusini, anaimalizia Februari.

Nilimrudia mhasibu na haya yote. Alisikiliza, akaniuliza vile vifaa viwili vilionyesha nini hasa. Nikamwambia wanyama wale walionekana wakisafiri haraka kufuata ukingo wa barafu, mamia ya kilomita kwa siku chache, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kulifuatilia kwa nyangumi buluu wa kule akiwa hai. Akanyamaza kidogo. "Na lita za dizeli?" Bado sijampatia.