Mkorogo wa Arusha na sheria isiyofika kwenye beseni

Anayejichubua mtazame vidole. Uso unaweza kutakata, lakini vifundo vya vidole hubaki vyeusi. Ndivyo ilivyokuwa mikono ya dada mmoja anayeuza vipodozi jirani na soko la Kilombero, hapa Arusha. Nilimkuta akikoroga losheni tatu kwenye beseni kwa mwiko, akazipakia kwenye vikopo visivyo na maandishi yoyote.

Marufuku tunayo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, vilikatazwa Tanzania miaka mingi iliyopita, na tangu 2019 udhibiti wake uko Shirika la Viwango (TBS), ulikohamishiwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa ya kudhibiti zebaki, nao ulianza kwa kuvumilia kiasi kidogo mno cha zebaki, sehemu moja kwa milioni, lakini mwaka 2023 nchi wanachama zikaamua hata hicho kiondoke ifikapo 2025. Waliokataza wana haki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, rangi inayotukinga na jua, kisha hupenya kwenye damu na kuumiza figo. Mama mjamzito humpitishia mtoto tumboni. Steroidi kama klobetasoli, dawa ya kuandikiwa na daktari, hukondesha ngozi na kuiachia michirizi isiyofutika.

Wenye maduka wana hoja nisiyoweza kuipuuza. Anayeuza Mbuyuni, Moshi, hununua katoni ya jumla yenye lebo nzuri tu. Hana maabara. Zebaki mara nyingi haitajwi kabisa, au imejificha kwa jina la kalomeli. Mzigo ukikamatwa, hasara ni yake, na wanalalamika kwamba aliyeuvusha mpaka wa Namanga au Holili hafuatwi. Kina mama wanaotengeneza sabuni na mafuta ya parachichi nao wanasema gharama za vipimo na usajili zinawaelemea, ilhali hawajawahi kugusa kemikali hizo.

Wapo pia wanaosema mtu mzima aachiwe ngozi yake. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Anayenunua kikopo kisicho na maandishi hajui anachojipaka, kwa hiyo hajachagua kitu.

Mimi nasimama na marufuku, ila mzigo wa kuthibitisha usalama aubebe kwanza mwagizaji, bidhaa ipimwe kabla haijavuka mpaka, na vikundi vidogo vya mafuta ya asili vipunguziwe ada. Kisha kufungasha upya kipodozi bila lebo liwe kosa linalofuatiliwa kila siku sokoni, maana orodha ya kemikali haramu, hata ikirefushwa namna gani, haisomeki kwenye kikopo kisicho na lebo.

Nilimuuliza yule dada kwenye chupa ya tatu kuna nini. Akaigeuza tusome wote. Ilikuwa lugha ambayo si yeye wala mimi tuliyeijua. Akaifunika, akaendelea kukoroga.