Vitu vya meli iliyozama si vya kuokotwa
Kuna mwandishi anayeuliza kama mpiga mbizi anayechukua vitu katika meli iliyozama ni mwizi. Naomba tutazame Mombasa, ambako meli ya Kireno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome hiyo. Wanaakiolojia walioichimba kuanzia 1977 walipima mahali pa kila kipande kabla ya kukiinua. Hata baada ya kuinuliwa vitu huhitaji uangalifu, kwa kuwa mbao zilizolowa maji ya chumvi kwa karne tatu hupasuka zikikaushwa ovyo. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unakataza biashara ya mabaki yaliyokaa majini angalau miaka 100, nami nauunga mkono kwa dhati: mtungi ulionyakuliwa kwa siri hautuambii tena ulipangwa wapi melini, wala ulibeba nini.