Pua Inayokimbia

Mwezi uliopita nilikaa karibu saa tatu katika duka moja la uchapishaji huko River Road, Nairobi, nikisahihisha kipeperushi cha kurasa nne kuhusu afya ya watoto kabla hakijapigwa chapa. Maandishi yalikuwa yametafsiriwa kutoka Kiingereza na mtu nisiyemfahamu, na aliyenipa kazi alinihakikishia kwa simu kwamba kilichobaki ni kuangalia nukta na mkato tu. Ukurasa wa kwanza ulipita salama. Katika ukurasa wa pili mama aliambiwa ampeleke mtoto kliniki "ikiwa ana homa na pua inayokimbia", nami nikaiona ile pua ikishuka ngazi za ghorofa moja kule Umoja, ikivuka barabara kuelekea kituo cha matatu, na mama nyuma yake ameshika leso. Nikakata, nikaandika "akitokwa na kamasi". Katika ukurasa wa tatu mzazi aliombwa awe mvumilivu endapo kliniki "itakimbia nje ya dawa"; nikakata, nikaandika "itaishiwa na dawa". Ukurasa wa mwisho ulieleza kwamba kliniki yenyewe "inakimbizwa na wauguzi wawili", na hapo nililazimika kuweka kalamu chini, maana kijana wa kwenye mashine alikuwa ameanza kunitazama nikicheka peke yangu.

Makosa yote matatu yametoka katika neno moja la Kiingereza, "run", ambalo kila mtoto wa shule nchini Kenya hufundishwa mapema kwamba maana yake ni kukimbia. Mwalimu hakumdanganya mtoto, ila alimpa kijiko kimoja kutoka katika sufuria kubwa. Wahariri wa kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford, walipolipitia upya neno hilo kwa ajili ya toleo la tatu, walihesabu maana 645 za kitenzi peke yake, na mhariri aliyelishughulikia, Peter Gilliver, alikaa nalo kwa miezi tisa, muda ule ule wa kulea mimba. Kabla ya hapo bingwa alikuwa "set", ambalo katika toleo la pili la mwaka 1989, lenye juzuu 20, ndilo lililokuwa na maelezo marefu kuliko neno lolote jingine.

Nasema hivi baada ya miaka mingi ya kusahihisha kazi za watu: Kiswahili hakina neno la "run", wala hakilihitaji. Mtafsiri anayelitafuta neno hilo ndiye anayeishia kwenye pua zinazokimbia, kwa sababu anaitazama karatasi badala ya kumtazama mtoto. Nina hakika kwamba yeye mwenyewe akipatwa na mafua nyumbani kwake, hamwambii mkewe kwamba pua yake inakimbia. Kiswahili anakijua vizuri. Kinachompata ni kwamba akikaa mbele ya sentensi ya Kiingereza hukiacha mlangoni, kama mtu anayevua viatu.

Ukiangalia neno hili lilikotoka, unaelewa kwa nini limebeba mzigo wote huo. Waingereza wa kale walikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana sana kwa sauti: kimoja cha kitu kinachokwenda au kutiririka chenyewe, na kingine cha mtu anayekifanya kitu kiende. Kadiri karne zilivyopita, vitenzi hivyo viliingiliana mpaka vikawa kimoja, na tangu hapo Kiingereza kikabaki na neno lile lile kwa mto unaotiririka, kwa farasi anayekwenda mbio, na kwa mwenye farasi anayemtia mbio. Ukishafungua mlango huo, kila kitu kinaingia: injini inayonguruma, bomba lililoachwa wazi, tamthilia inayoonyeshwa kwa miezi miwili mfululizo, rangi ya kitenge inayochuja kwenye beseni, uzi wa soksi ya kike uliofumuka, mkataba ambao muda wake haujaisha.

Sisi hatukupotewa na tofauti hiyo. Tunayo silabi ndogo inayofanya kazi yote: gari linakwenda, dereva analiendesha, kuku anakimbia, mtoto anamkimbiza. Hata mtafsiri wa kile kipeperushi aliikumbuka silabi hiyo, akajua kwamba kliniki haiwezi kufanya mambo yake yenyewe na kwamba lazima kuwe na wa kuifanyia. Ila aliibandika kwenye shina lisilohusika, na wauguzi wawili wakajikuta wanaifukuza kliniki yao. Shina lililohitajika ni "enda", ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye akili nyingi kuliko yote katika lugha yetu. Kutoka hapo tunapata kuendesha biashara, kuendelea na safari, kuendeleza kipaji, mwendo wa basi, mwenendo wa kijana, na maendeleo ambayo kila mwanasiasa anatuahidi. Mwingereza hulizungushia neno lake vijineno vya juu, chini, nje na ndani ili apate maana mpya. Mswahili huliongezea neno lake mkia.

Kuna mahali pamoja ambapo lugha hizi mbili zinakutana bila kupanga, na ni chooni. Mtu akiharisha, Kiingereza cha huku kwetu husema kwamba tumbo lake "linakimbia", na hata Mwingereza wa mtaani huuita ugonjwa huo kwa wingi wa neno hilo hilo. Nasi je? Tunasema "mtoto anaendesha". Kitenzi kile kile cha gari na cha kampuni. Nimewahi kusoma barua ya kuomba kazi ambayo mwombaji aliandika kwa fahari, "Niliendesha kwa miaka mitatu bila tatizo lolote," akimaanisha lori, na nikashukuru kwamba aliyekuwa akiajiri alikuwa mstaarabu.

Siasa nazo zimelitumia neno hili mpaka limechakaa. Anayetaka kiti huko Marekani hukimbia. Anayekitaka Uingereza husimama. Sisi tunagombea, na kugombea kumetoka katika kugomba, yaani kufoka na kuteta, kwa hiyo katika watu watatu hawa nadhani ni Mswahili peke yake aliyesema ukweli. Pamoja na hayo, kwa kuwa Mwingereza alitutawala, utamsikia mtu wa Kawangware akisema kwamba mjomba wake "amesimama kiti cha udiwani", na gazeti la siku hiyo hiyo likiandika habari za "mbio za kuelekea Ikulu". Anasimama huku akikimbia, na njiani anagombana.

Katiba ya 2010 ilipoanzisha utaratibu wa kumchagua Rais pamoja na Naibu wake katika kura moja, ilibidi lipatikane jina la yule wa pili. Wamarekani walikuwa wamelichukua jina lao, "running mate", kutoka kwenye mashindano ya farasi ya karne ya 19, ambako mwenye zizi aliweza kuingiza farasi wa ziada ili kumsaidia farasi wake mwingine kupata kasi. Ningeelewa kama tungeleta farasi huyo, maana mashindano hayo tunayo hapa hapa katika uwanja wa Ngong. Badala yake tukasema "mgombea mwenza", na kwangu hiyo ni mojawapo ya tafsiri safi kuliko zote zilizofanywa katika siasa za nchi hii. Haina farasi wala mbio, na bado kila mpiga kura aliielewa siku ya kwanza. Hali kadhalika "duru ya pili", ile ambayo kwa Kiingereza ni "run-off", na ambayo Katiba inaiagiza ifanyike ndani ya siku 30 iwapo hakuna aliyepata zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Hatujawahi kuifikia, si 2013, si 2017, si 2022, lakini jina tunalo tayari na linaeleweka. Aliyetafsiri hivyo alijiuliza kinachotendeka ni nini, kisha akakitaja.

Katika kriketi, ambako alama nayo huitwa "run", mambo ni ya ajabu zaidi. Kenya iliishinda Sri Lanka kwa mikimbio 53 katika uwanja wa Nairobi Gymkhana wakati wa Kombe la Dunia la 2003, mwaka ule tuliofika nusu fainali, na katika mchezo huo mpigaji akiupeleka mpira nje ya mpaka huandikiwa mikimbio minne au sita bila ya kulazimika kuinua mguu. Mkimbio usio na mbio! Hapo sina la kulalamika, kwa sababu mchezo wenyewe ndio ulioanza kusema uongo.

Mahali ninapokuwa mkali ni kwenye maneno mawili ambayo wanafunzi wangu huyachanganya kila mwaka, mkimbiaji na mkimbizi. Yametoka shina moja na yametenganishwa na mwisho mdogo tu, lakini kati yake kuna maisha mazima. Mkimbiaji ni Eliud Kipchoge, aliyemaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019. Mkimbizi ni mtu wa Kakuma au Dadaab aliyeacha nyumba, ng'ombe na makaburi ya wazee wake. Mwaka jana niliona tangazo la mashindano ya kuchangisha fedha, mashindano ya hapa hapa mjini, lililowaalika "wakimbizi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi" wajiandikishe na kulipia fulana. Aliyelichapisha simtaji, alilibadilisha baada ya siku mbili.

Na bado lugha ilikuwa na haki ya kuyaweka maneno hayo karibu. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 kulikuwa kwa mara ya kwanza na timu ya wakimbizi, wanamichezo kumi, na watano kati yao walikuwa wazaliwa wa Sudan Kusini waliotoka katika kambi ya Kakuma na kufanyia mazoezi Ngong, chini ya Tegla Loroupe, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni. Hao walikuwa wakimbizi wakimbiaji. Kiingereza hakiwezi kusema hivyo kwa shina moja, kwa kuwa neno lake la mkimbizi kililichukua kwa Wafaransa, likiwa limetoka katika Kilatini. Sisi tunatembea kutoka kukimbia hadi kukimbilia, hadi kimbilio, hadi mkimbizi, bila kuazima hata herufi.

Tena panapohusika mbio zenyewe, mbio za miguu na jasho, ndipo Kiingereza kinapoonekana kimetumia neno lake jema kupita kiasi. Sikiliza mtangazaji wa redio wakati wa mbio za nyika: mwanariadha anakata mbuga, anatimua mbio, anatoka nduki. Mwizi wa simu pale Muthurwa hutoka shoti, na mwanafunzi wa bweni hutoroka, jambo ambalo anaweza kulifanya akitembea polepole kabisa.

Nisije nikaonekana nawacheka wenye lugha yao huku yetu ikiwa na kasoro ile ile. Mgeni anayejifunza Kiswahili hufundishwa kwamba kupiga ni kumchapa mtu, kisha siku hiyo hiyo anasikia kwamba watu wamepiga simu, wamepiga pasi, wamepiga picha, wamepiga kura, wamepiga mswaki, wamepiga deki na wamepiga magoti, na anajiuliza ametua katika nchi ya watu wa namna gani. Nilipoandika pale mwanzo kwamba kipeperushi kilikuwa hakijapigwa chapa, hakuna msomaji aliyekihurumia. Sasa mfikirie mtafsiri wa Kiingereza anayeamini kwamba piga lina neno moja tu upande wa pili, na ujue kwamba wao pia wana vipeperushi vya kuchekesha.

Vijana wa Nairobi wameamua kutojisumbua. Wanasema "kurun": nani anarun hii biashara, nani anarun mtaa. Sitaliandika katika kazi rasmi, lakini ukinilazimisha kuchagua kati ya kliniki inayoruniwa na wauguzi na kliniki inayokimbizwa nao, nitachukua ya kwanza, kwa sababu ya kwanza inaeleweka. Isitoshe, nimeona kwamba neno likivuka mpaka na kuingia kwetu huja na mfuko mdogo tu. Lile "set" lililojaza kurasa za kamusi ya Oxford lilipofika huku likawa seti ya vikombe, seti ya voliboli na kuseti saa, basi. Na "kurun" nayo imekuja na maana ya kuongoza na kusimamia. Sijasikia kijana yeyote wa Eastlands akisema kwamba pua yake inarun.

Kipeperushi kilikuwa tayari kwenye saa kumi na moja jioni. Nilimkabidhi yule kijana karatasi zangu zilizojaa wino mwekundu, akazipitia upesi upesi, akaingiza masahihisho kwenye kompyuta mbele yangu, na alipofika kwenye kliniki inayokimbizwa na wauguzi hakucheka, wala hakuinua uso. Nilikuja kujua baadaye, wakati wa kulipwa, kwamba ni yeye aliyekuwa amepewa kazi ya kutafsiri, kwa pesa kidogo, usiku mmoja. Akabonyeza kitufe, mashine ikatoa nakala kama mia mbili hivi, kisha ikaanza kulia kwa mlio mrefu wa kuudhi. Akaifungua kifuniko, akachungulia ndani, akaipiga kofi ubavuni.

"Mwalimu, itabidi urudi kesho," akasema. "Wino umeisha."