Tana Yetu Haianzi kwa Mafuriko

Mvua zikizidi huko bara, simu yangu hujaa salamu za pole. Jamaa wa Nairobi wameona mji wetu wa Garsen kwenye taarifa ya habari, nyumba zimezama hadi paa. Nawashukuru kwa moyo wote. Lakini maji yakishuka hakuna anayeuliza tena habari za kwetu, na hilo linaniuma.

Mto wetu wa Tana unatoka Aberdare na Mlima Kenya, unateremka takriban kilomita 1,000 hadi baharini pale Kipini. Zamani mafuriko ndiyo yaliyokuwa mbolea. Maji yalipanda kwa majira yake, yakaacha tope, na Wapokomo wakapanda mpunga kwenye unyevu huo. Kiangazi Waorma walishusha ng'ombe kunywa kupitia malka, njia za mifugo ambazo hakuna aliyethubutu kuzilima. Siku hizi malka zinazibwa, na ugomvi wa maji na malisho tunaujua vizuri: mwaka 2012 watu zaidi ya 100 waliuawa.

Kisha mabwawa. Kindaruma 1968, Masinga 1981, Kiambere 1988. Umeme ukaenda mijini, nasi tukabaki na mto usiotabirika: mwaka huu haupandi hata kulowesha shamba, mwaka ujao mabwawa yanajaa, yanamwaga, na maji yanatukuta usingizini.

Nchi imechukua mengi Tana. Wimbo wa taifa tunaousimamia wima tangu 1963, lahani yake ilitoka kwenye wimbo wa mama wa Kipokomo akimbembeleza mwanawe. Nimewaambia watu wazima hilo wakanikatalia! Na Hola, makao makuu ya kaunti yetu ya Tana River, ndipo wafungwa 11 wa Mau Mau walipopigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959. Ni wangapi wanaopita pale wanajua?

Kinachonikosesha raha zaidi ni ngadzi, ngoma takatifu ya Wapokomo iliyokuwa chini ya wazee. Waingereza waliichukua 1902, na tangu 1908 ni mali ya British Museum kule London. Serikali yetu ingeidai kwa sauti ileile inayotumia kuhesabu megawati za Tana. Irudi ikiwa ngoma, ikabidhiwe wazee, isije ikafungiwa kwenye kabati jingine la kioo. Miaka zaidi ya 120 imepita, na hakuna Mpokomo aliye hai leo aliyewahi kuisikia ikilia kando ya mto wake.